Betri ya Leokadia

"Kimya cha mchana ndicho ngoma ya jioni."

Maneno hayo aliyasema Bibi Theofrida, mpishi wa kambi, saa sita mchana huku akikoroga maharage. Alikuwa amewaona vijana wa skauti wakiunganisha spika kwenye betri moja tu waliyokuja nayo kwa siku zote nne. Vijana wakacheka, kisha wakataka kujua msemo huo ameutoa wapi. Bibi akafunika sufuria, akavuta kigoda. Msemo huu una mama aliyeuzaa kwa uchungu, akawaambia, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Miaka ile simu hazijavuka mto, watu wa kwetu Ifakara walikuwa wakihamia mashambani mpunga unapoanza kutoa masuke. Kila familia ilijenga dungu lake, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya maji, ikakaa humo kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, mpaka mavuno. Mto ukishajaa, kivuko kilifungwa, na aliyevuka kwa mtumbwi wa kubahatisha alikuwa ameondoka moja kwa moja. Ulichosahau mjini umekisahau, hukifuati tena.

Katika kambi moja iitwayo Lupunga, yenye madungu saba, aliishi mwanamke aliyeitwa Leokadia, mke wa Otmari. Leokadia alipenda muziki kuliko chakula. Hata debe likidondoka, mabega yake yalijibu.

Mwaka mmoja kambi ilivuka mto na redio kaseti pamoja na betri ya gari ya kuiendeshea. Leokadia akaifungulia muziki tangu alfajiri. Akipika, muziki. Akifua, muziki. Akifukuza ndege, muziki, na ndege nao wakicheza zao juu ya masuke. Siku ya tano sauti ya mwimbaji ikaanza kukokota kama ya mlevi, ikazama, ikanyamaza. Zikabaki wiki sita nzima. Jua likizama watu walipanda madunguni kama kuku, wakaamka na visirani. Ndugu wawili wakanuniana kwa ajili ya jembe. Familia moja ikachoka na upweke, ikafunga virago kabla ya mavuno na kuwaachia ndege mpunga wake wote.

Mwaka uliofuata, kabla ya kuvuka, Mzee Longino aliyekuwa mkubwa wa kambi aliita kikao.

"Betri tunayo, imechajiwa," akasema. "Suala ni mtunzaji. Mimi nasema aliyeimaliza ndiye aitunze."

Watu wakacheka mpaka wengine wakajishika mbavu. Leokadia hakucheka. Alihisi uso wote unamwaka. Lakini aliikumbuka ile familia iliyoondoka, hasa mama yao aliyekuwa akilia mtumbwini, akainuka akasema, "Nimekubali. Ila sheria zitakuwa zangu."

Otmari aliipakata betri mtumbwini kama mtoto mchanga. Walipofika, Leokadia akaiweka kwenye kichanja ndani ya dungu lake, akaifunika kitenge, na waya wa kuiunganisha na redio akauvaa shingoni kama shanga. Sheria yake ilikuwa moja: mchana, kimya. Jioni, ndege wakishaenda kulala, upande mmoja wa kanda, basi. Na jioni ya mvua, ambapo hakuna wa kucheza, hata huo upande mmoja haupo.

Msidhani ilikuwa rahisi kwake. Mchana nyimbo zilimwimbia kichwani, miguu ikataka kucheza. Siku moja, akiwa peke yake dunguni, alijikuta ameuvua waya na ncha yake imekaribia kabisa betri. Akashtuka kama mwizi aliyesikia kikohozi. Akauvaa tena, akashuka kwenda kutwanga, na wanasema siku ile alitwanga mpunga wa siku tatu.

Watu wakampachika jina, Bi Kimya. Shemeji yake Egno, mdogo wake Otmari, kijana mwenye maneno mengi, alikuwa akipita chini ya dungu na kupaza sauti, "Hodi kwa Bi Kimya! Marehemu wako wa kwenye kitenge anaendeleaje?" Lakini ikifika jioni, Egno ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye kile kimwinuko kikavu walichokifanya uwanja. Nusu saa ile ilitosha. Waliogombana mchana walijikuta wamesimama mstari mmoja, wakicheza kwa hatua moja.

Wiki ya tano wakaja kwelea kwelea, wale ndege wadogo walao nafaka kwa makundi ya maelfu.

Walikuja asubuhi kutoka upande wa milima, wingu linalolia. Walipotua, mashina ya mpunga yaliinama yote kwa pamoja. Kambi nzima ikaingia majini: wazee kwa watoto, madebe, makombeo, vilio. Wakifukuzwa huku wanatua kule. Jua lilipokuchwa, hakuna aliyekuwa na sauti wala hamu ya kucheza, na Leokadia mwenyewe alilala na tope miguuni.

Siku ya pili, mchana, Egno akaja mbio akirusha maji.

"Shemeji, lete redio! Tufungulie muziki mpaka mwisho, hawa ndege watakimbia wenyewe."

"Muziki ni wa jioni, Egno."

"Jioni ya nini? Mpunga ukiisha tutacheza tukishangilia njaa?"

Watu wakaanza kukusanyika. Leokadia alizitazama nyuso zao, akatazama shamba, na moyo wake ukagawanyika. Akisema hapana na mpunga ukaliwa, lawama zitakuwa zake maisha yote.

"Haya," akasema. "Tuwajaribu. Upande mmoja wa kanda, kama wa jioni, basi."

Redio ikawekwa juu ya kichuguu katikati ya mpunga. Tarumbeta zilipopasuka, ndege waliruka wote, anga ikawa nyeusi, watu wakashangilia. Wakazunguka mara moja, wakazunguka mara ya pili. Kisha mmoja akatua. Wakatua kumi. Wimbo wa tatu haujaisha, kwelea wamejaa shamba zima, na wawili wamekaa juu ya redio yenyewe, wanatikisa mikia.

Egno akasema, "Ongeza sauti!"

Leokadia akauchomoa ule waya. Kimya kikaanguka.

"Washa, mwanamke!" mtu mmoja akafoka.

"Siwashi. Ndege hawa hawaogopi dansi, wanalifurahia." Aliukunja waya akauvaa. "Ndege tutawafukuza kwa madebe, hata tukipasuka makoo. Lakini jioni, tukirudi hatutazamani, kitu gani kitatufukuzia hiki kinachotuingia moyoni? Nilishawahi kuwamalizia betri mara moja. Sirudii."

Walirudi majini kwa hasira, na hasira ile angalau iliwaongezea nguvu ya kupiga madebe.

Jua lilipoanza kushuka ndege wakaenda kulala. Watu waliketi kila mmoja mbele ya dungu lake, makoo yamekauka, viganja vimechubuka. Leokadia akasikia mikeka ikikunjwa. Alipotazama, alikuwa ni Mzee Longino mwenyewe, anafunga mzigo kwa kamba.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Asubuhi nitatafuta mtumbwi, mwanangu. Nimezeeka. Mpunga huu umeshakuwa wao."

Leokadia akapanda dunguni, akashuka na betri kichwani na redio mkononi, akaenda kimwinukoni peke yake. Akaunganisha. Muziki ukatoka na nguvu zake zote, safi, bila kukokota hata kidogo. Kwanza alicheza peke yake, na ilimtia aibu kucheza mbele ya watu walionuna. Upande wa kwanza ukaisha. Akageuza kanda.

Otmari ndiye aliyekuja kwanza. Halafu watoto. Kisha akina mama wawili, wakisema wanakuja kuwachukua watoto, nao wakabaki. Egno alikuja akiburuta miguu, akasimama mbele ya shemeji yake, akainama kama anayeomba radhi kwa mkwe, na watu wakaangua kicheko cha kwanza baada ya siku mbili. Kanda ya pili ikaingia, ya tatu ikaingia.

"Leokadia," Mzee Longino akaita kutoka ukingoni mwa uwanja, kamba ya mzigo ingali mkononi, "huu moto wote umetoka wapi? Hii si betri ya wiki ya tano!"

"Umetoka kwenye kile kimya mlichokuwa mkinichekea, baba!"

Mzee akatupa kamba. Akaingia katikati, akainua mikono yake miembamba, na kwa sauti iliyokwaruza kwa kupigia ndege kelele akaimba juu ya muziki: "Kumbe! Kimya cha mchana ndicho ngoma ya jioni!" Watu wakamwitikia. Akarudia, wakamwitikia tena kwa makofi, mpaka maneno yake yakaushinda wimbo wa kwenye kanda.

Asubuhi hakuna aliyetafuta mtumbwi. Waliingia shambani wakiimba hayo hayo, kila debe likifuata mapigo yale, na walifukuza ndege kama watu waliolala wiki nzima. Alasiri lile wingu likainuka, likaelekea kusini, halikurudi. Shamba lilikuwa limeliwa, hilo siwafichi, lakini kila dungu lilivuka mto na mpunga wake, madungu yote saba.

Jina la Bi Kimya halikumtoka Leokadia, ila sasa watu walilitaja kwa kusimama. Na maneno ya Mzee Longino yalivuka mto pamoja na magunia. Wazazi wakawaambia mabinti wanaotaka kumaliza vigelegele siku ya posa. Wavulana wakaambiana wanapobana vijisenti vya sikukuu. Hata anayeshika ulimi wake wakati wa hasira, ili jioni apate watu wa kukaa nao, huambiwa hivyo hivyo.

Ndiyo maana nanyi nimewaambia, wajukuu zangu: kimya cha mchana ndicho ngoma ya jioni.