Fundi Asiyeingia Ndani

Hapo zamani za kale, wanangu, sogeeni, na wewe mwenye kikohozi sogea, wanyama nao walikuwa na nyumba za udongo na mafundi wa kuwajengea. Basi palikuwa na Mama Kanga. Anaatamia mayai, masika yanabisha hodi, na kibanda chake kimeshaanguka.

"Nimempata Kiboko," akamwambia shoga yake Kindi. "Kasema kabla mvua haijanyesha nitakuwa nimehamia."

"Na Nungunungu je?"

"Nungunungu! Ati udongo ukauke kwanza, ati boriti azigonge moja moja, asikie kama ni nzima. Mayai yangu yatamngoja?" Machozi yakamlengalenga. "Mwaka jana maji yalinichukulia wanangu wote, Kindi. Unajua."

Kindi alijua. Akamfuta machozi kwa mkia wake. "Na kazi ya Kiboko umeiona?"

"Nimeiona kwa Bi Kware. Nyumba nyeupe pepepe!"

Nyeupe kweli, kwa chokaa. Lakini chokaa haibebi paa, wanangu. Kindi akajikuna kichwa, kisha akatabasamu.

"Shoga yangu, huku kwetu fundi hashiki kazi kabla hajalishwa. Pika ubwabwa. Ila tumlishie kwa Bi Kware, ndani."

Ubwabwa wa nazi ukapikwa, ukanukia kijiji kizima. Huyoo Kiboko, tifu, tifu, tifu!

"Hodi!"

"Karibu ndani, fundi," akasema Kindi.

"Aa, mie hapa hapa nje panatosha."

"Sinia liko ndani."

"Mna joto humo."

Tumbo likamnguruma. Akaingiza pua mlangoni, akavuta harufu, akaitoa upesi.

"Kama ni joto tu," akasema Kindi, "ngoja nipande nitoboe paa, upepo uingie." Akaanza kuukwea ukuta, kwaru, kwaru!

"We Kindi! Shuka! Usiiguse boriti hiyo, ilikuwa imeliwa na mchwa tangu naitia! Bi Kware, toa watoto! Mama Kanga, toka!"

Bi Kware akatoka polepole, watoto wake wamemng'ang'ania.

"Kumbe ulijua, bwana," akasema. "Na siku zote hizo wanangu wanalala humo."

Kiboko akainamisha kichwa. Mwili wote ule, hakuwa na pa kuuweka. "Nilidhani itahimili," akanong'ona.

Kesho yake sinia likaandaliwa kwa Bwana Kobe, nyumba aliyoijenga Nungunungu. Haikuwa na chokaa hata chembe, rangi yake udongo mtupu. Nungunungu akapiga hodi, akaingia mpaka ndani, akala, akashiba, akajinyoosha mkekani. Kroo... kroo...

Mara radi, gu-du-gu-du! Mvua ikashuka kwa kishindo. Kindi akapanda juu akarukaruka kwenye boriti, pu, pu, pu! Nungunungu akageukia ukutani. Kroo.

Mama Kanga akatazama juu. Hakuona hata tone. Akamtazama fundi aliyelala, moyo ukamtulia.

"Huyu ndiye," akasema. "Nitamngoja."

Kisha akashtuka. "Mayai yangu!"

"Yalete humu, dada," akasema Kobe. "Kaa nayo mpaka udongo wako ukauke."

Wakakimbia mvuani, yeye na Kindi na Bi Kware, wakayabeba mayai kwa uangalifu, wakayaweka pembeni, mbali na miiba ya fundi. Mama Kanga akayakalia, akafumba macho.

Na Kiboko? Mvua ilipopungua alionekana amebeba boriti mpya, anapeleka kwa Bi Kware. Kindi naye nyuma yake, anazigonga moja moja.

Basi, wanangu, mkitafuta fundi msitazame ukuta wake kwanza. Tazameni kama anaweza kulala chini ya paa alilolijenga.