Limbuko la Mama

Palikuwa na mtu mmoja na bustani yake nyuma ya nyumba. Jina lake sitawatajia, maana nikilitaja tu, nusu yenu mtashusha pumzi na kusema, ahaa, kumbe si mimi. Leo sitaki mtu ashushe pumzi humu kanisani. Mzee Shekiondo, nakuona unatafuta mahali pa kuegemeza kichwa. Kaa wima, baba, leo sitawachelewesha.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kibaya. Masika yalikatika mapema, bomba la kijiji likaanza kukohoa, mwisho likanyamaza kabisa. Maji yakabaki kule bondeni kwenye chemchemi, na kila tone lililofika juu huku lilipandishwa kichwani na mwanamke. Naona akina mama mnatikisa vichwa. Shingo zenu zinakumbuka.

Sasa mtu huyu aliipenda bustani yake, na kupenda bustani si dhambi. Alikuwa na mchicha, figili, vitunguu, nyanya alizozifungia vijiti moja moja. Bustani za wenzake ziligeuka vumbi, kuku wakawa wanajigaragaza humo. Yake ikabaki kijani. Wapita njia walisimama kwenye uzio wa matete wakasema, "Ama kweli wewe una mkono wa kupanda!" Naye akawajibu, "Ni neema ya Mungu tu." Jamani, hiyo neema ya Mungu tunaisingizia mambo mengi.

Ndani ya nyumba hiyo aliishi mama yake mzazi. Mtu mzima sana, miguu imekwisha nguvu, hata kutoka nje mpaka ashikwe mkono. Na desturi yetu mnaijua: mboga mpya ya bustani haiingii kinywani mwa mtu kabla mkubwa wa nyumba hajaionja. Hilo ndilo limbuko lake. Ataonja, atatamka baraka, ndipo wengine wapakuliwe. Mtu huyu aliishika desturi hiyo kwa mikono miwili. Binti yake alipochuma kanyanya kamoja tu, alichapwa. "Unakula kabla ya bibi yako? Huna adabu?" Mnaona alivyomheshimu mama yake?

Sasa sikilizeni maji yalivyokwenda. Mwanzoni bustani ilipewa maji yaliyooshea vyombo. Sawa, nani kati yetu hafanyi hivyo? Kisha mama akioga, maji yaliyobaki kwenye beseni yakapelekwa bustanini. Bado ni sawa. Jua likazidi. Yule mwana akakaa akafikiri, akamwambia mkewe, "Mama hatoki nje, hashiki jembe. Anaoga kila siku vumbi gani?" Basi maji ya kuoga yakahamia kwenye mchicha moja kwa moja, hayakupitia tena mwilini mwa mtu. Baada ya hapo ikafika zamu ya maji ya kunywa. Kikombe kikawa nusu kikombe, asubuhi, na jioni kama yamebaki.

Mkewe alijaribu. Alisimama na ndoo kichwani akasema, "Baba watoto, midomo ya mama imepasuka. Haya ya leo nimpelekee yeye."

"Mwaga kwenye nyanya," akasema mume. "Zimeanza kuzaa, zikikosa maji leo zitapukutika zote. Mama ni mtu wa zamani huyo, amezoea shida."

Mmelisikia hilo? Mtu wa zamani, amezoea shida. Nani alimuuliza kama amezoea? Na yule mwanamke aliyeipandisha ndoo kwa shingo yake mwenyewe akaenda akaimwaga kwenye nyanya. Naye simwachi hivi hivi.

Siku moja mama akamwita mwanawe. Sauti haikutoka vizuri, ilibidi mwana ainame. "Mwanangu, naomba maji."

"Vumilia kidogo, mama. Vuli iko karibu, mawingu yameanza kukusanyika. Na mimi bustani hii naihangaikia kwa ajili yako wewe, limbuko ni lako. Mvumilivu hula mbivu."

Mama akamtazama. "Hizo mbivu nitazimeza kwa mate gani, baba?"

Mwana akacheka. Alidhani mama anatania, kama wazee wanavyotania. Akatoka, akachukua kopo lake lenye matundu, akaenda kumwagilia vitunguu.

Mama alikufa siku hiyo hiyo kabla jua halijazama. Mchicha ulikuwa umefika pa kuchumwa. Mwana alilia, tena alilia sana, simnyimi machozi yake. Majirani wakaja. Akina mama wakashuka bondeni, wakapanda, wakashuka tena, ndoo kwa ndoo, mpaka mapipa ya uani yakajaa kwa ajili ya kumwosha marehemu. Siku hiyo mama alioga.

Na watu wa msiba watakula nini, kiangazi kama kile, sokoni hakuna hata jani? Wazee wakasema, si ipo bustani hapo nyuma? Ikachumwa yote, mchicha, figili, nyanya, sufuria zikajaa. Wakati wa kupakua mzee mmoja akainua mkono: ngojeni, mboga hii haijaonjwa. Mkubwa wa nyumba sasa ni nani? Wakatazamana, kisha wakamtazama yule mwana. Wakampelekea sahani, akaonja, nao wakala.

Na mboga zilikuwa tamu, ndugu zangu, laini kabisa. Watu waliongeza. Shangazi mmoja aliyekuwa ametoka mbali, asiyejua lolote, akamuuliza kwa wema wote, "Mwanangu, na ukame huu, mboga hizi mlizimwagilia nini?"

Akaiweka sahani yake chini. Mkewe alikuwa amesimama karibu na sufuria, naye akaifunika.

Sasa mnangoja niseme sisi ndio yule mwana. Mmeshajikunyata, mmejiandaa kupigwa. Wamo humu walio yeye, na wanajijua, sina la kuwaongezea. Lakini wengi wetu sisi si yule mwana. Sisi ni wale wa kwenye uzio.

Tuliiona bustani ile! Ukame unaangusha hata migomba, bustani ya mtu mmoja inameremeta, na wewe mkulima tangu utotoni hujiulizi inakunywa nini? Tulimwona mke wake akipandisha ndoo, tulijua zinatosha watu wangapi. Tulijua ndani mna mzee. Tukauliza, "Mama hajambo?" Tukajibiwa, "Amelala." Tukaenda zetu. Kesho yake amelala, keshokutwa amelala, nasi tunaridhika, kwa sababu tumeahidiwa mbegu za figili na hatutaki kumuudhi mwenye mbegu. Halafu mtu amekufa, tunakimbilia bondeni na ndoo! Bidii hiyo ilikuwa imelala wapi? Maji ya kumwosha maiti sisi tunayo. Ya kumpa aliye hai anywe, hatuna. Naona uchungu kulisema hili, na nitalisema.

Na leo mmeniletea malimbuko yenu hapa mbele. Kabichi, karoti, vitunguu, hata maua mmepanga. Mnangoja niyaombee. Nimeyatazama tangu wimbo wa kwanza na nimeshindwa kuyasifu, maana sijui yamekunywa nini.

Sitayaombea. Yatakaa hapo hapo yalipo, na sisi tutatoka sasa hivi. Kila mmoja wetu, kabla hajafika kwake, apite kwa jirani na aombe kumsalimia mzee aliye chumbani. Wakikwambia amelala, usibishane nao. Vuta kigoda ukae, useme utamsubiri mpaka aamke.