Siri Zilizovuja Nyumbani kwa Obadia

Usiisome hii ukiwa na haraka. Kaa, tulia, imalize, halafu uamue mwenyewe utamtumia nani.

Zamani, Amerika ilipokuwa taifa changa, wakati watu bado wanakumbuka walivyopigana kumtoa mfalme wa Uingereza, wakubwa wa nchi ile walikuwa watu wa barua. Simu hakuna, redio hakuna. Mkubwa akitaka kumpongeza mwenzake, barua. Akitaka kumsengenya, barua vilevile. Na kila mmoja alijua kwamba akishafumba macho watu watakuja kufungua makasha yake wasome, kwa hiyo hakuna barua iliyotoka nyumbani kwake bila nakala yake kubaki.

Mmoja wao alikuwa Obadia Lathrop, seneta mstaafu, mzee wa heshima zake, anayeishi kwenye nyumba kubwa ya matofali nje kidogo ya mji. Mtu mwema, simnyimi sifa yake. Lakini mshuku, nyie! Barua ikifika, kabla hajaifungua aliigeuza mwangani, akaikagua lakiri, ile nta ya kufungia barua, kama ilipashwa moto ikabanduliwa, akainusa. Mkewe alipokuwa hai alikuwa akimcheka. Alipofariki, hakubaki mtu wa kumcheka, na ugonjwa ukakomaa.

Alikuwa na karani mmoja mpole wa kumnakilia barua. Siku moja akamfukuza kwa kosa kwamba alimkuta anasoma barua zake. Jamani, karani atanakilije barua bila kuisoma? Lakini Obadia hakutaka kusikia. Akaagiza mashine mpya iliyokuwa imeingia siku hizo, mashine ya kunakili, ili asimhitaji mtu tena.

Mashine yenyewe ilifanya kazi hivi. Unaandika barua yako kwa wino mzito. Unachukua karatasi nyembamba sana, unailowesha kidogo, unailaza juu ya barua, unakaza mkono wa mashine mpaka wino unapenya. Ukiibandua, upande uliogusana na barua maandishi yanaonekana kinyumenyume, kama unavyoyaona kwenye kioo. Upande wa pili yanasomeka sawasawa. Kinachobaki ni kuianika ikauke.

Obadia alizianika nakala zake kwenye kamba aliyoifunga dirishani, penye jua. Na kwa kuwa alikuwa mjanja, alizielekeza upande wa kinyumenyume ndani ya chumba, ili hata Bi Tabitha, mjane aliyeajiriwa kutunza nyumba, akiingia kufagia, asiambulie neno. Aliifurahia sana akili yake hiyo.

Sasa, katika watu wote duniani, alikuwa na mmoja tu aliyemwandikia yaliyo moyoni. Jina lake Jedidia Crane. Walikuwa pamoja vitani wakiwa vijana, wakalala tope moja, wakaja kukaa baraza moja la kutunga sheria. Jedidia aliishi mji wa pili, safari ya nusu siku kwa gari la farasi. Wengine Obadia aliwaandikia salamu na habari za mavuno. Jedidia alimwandikia kwamba gavana ni debe tupu, kwamba seneta fulani amenunuliwa, kwamba yeye mwenyewe usiku anaogopa kufa. Na Jedidia alimjibu vilevile, bila kupaka rangi.

Haikupita muda mrefu tangu mashine ifike, gazeti la mji likaanza kuandika mambo. "Tunasikia kwamba mzee mmoja anayeheshimika anamwona gavana kuwa debe tupu." Obadia alilisoma mara mbili. Neno lile alimwandikia Jedidia peke yake.

Kwanza akaisingizia posta. Akabadilisha lakiri, akaanza kutega unywele chini yake, ili mtu akiifungua barua njiani ukatike. Akamwuliza Jedidia, kwa mzaha wa uongo, kama aliona unywele wowote. Jedidia akajibu kwamba ndiyo, ameuona, mzima, na kwamba kama ndugu yake ameanza kunyonyoka nywele mpaka zinaingia kwenye lakiri, basi aache kuandika apumzike.

Obadia hakucheka. Kama unywele ulifika mzima, basi posta haina hatia. Na kama posta haina hatia, amebaki nani?

Gazeti likaandika tena, na tena. Kila lilipoandika, lilikuwa jambo lililotoka kwenye barua aliyomwandikia Jedidia. Mzee wa watu akaanza kukosa usingizi. Akazitoa barua zote za rafiki yake kashani akazisoma upya, safari hii si kwa kufurahi bali kwa kupeleleza. Na ukisoma namna hiyo, unakipata unachokitafuta. Pale Jedidia alipoandika "habari zako zimenichekesha, nimemsomea mke wangu", Obadia alipiga mstari. Pale alipoandika "nitakueleza mengine tukionana", alipiga mstari mara mbili. Mengine yapi? Kwa nini asiyaandike?

Kilichomuuma zaidi ni kwamba wakati huo Jedidia alikuwa mbioni kuteuliwa jaji mkuu wa jimbo. Obadia mwenyewe ndiye aliyempendekeza kwa gavana. Sasa akaiona picha yote: kumbe rafiki ananunua ujaji kwa kuuza siri zake! Akaamua kumjaribu.

Akaandika barua yenye uongo mmoja. Akasema ameamua kugombea ugavana, na kwamba hajamwambia mtu yeyote chini ya jua. Akaipitisha kwenye mashine, maana mtu yule hata uongo wake aliuwekea nakala. Akaianika nakala, akasubiri kutwa, kesho yake akapanda gari akaipeleka barua kwa mkono wake mwenyewe.

Jedidia alimpokea kwa furaha tele. Akamtania kwamba kumbe posta imekufa mpaka seneta mzima anageuka tarishi. Akamwambia alale, mke wake amechinja bata. Obadia akakataa hata maji. Akamkabidhi barua, akamwomba aisome akishaondoka, akarudi barabarani na njaa yake. Jedidia alibaki getini anaishangaa barua na kumshangaa aliyeileta.

Wiki haikuisha. Gazeti likaandika kwamba linasikia mzee mmoja anayeheshimika anakusudia kugombea ugavana.

Hapo Obadia hakuona tena sababu ya kuuliza. Watu wawili tu walijua, na mmoja ni yeye. Akashika kalamu akamwandikia gavana kwamba analiondoa pendekezo lake, kwamba Jedidia Crane hana kifua cha kutunza siri na mtu wa namna hiyo hafai kukalia kiti cha hukumu. Habari haikawii. Ujaji akapewa mwingine, na mjini kwao watu wakaanza kunyamaza Jedidia akiingia.

Jedidia aliandika barua moja tu. Ilikuwa fupi: "Sikufanya. Ukiniamini, nijibu. Usiponiamini, sitakusumbua tena."

Obadia aliisoma amesimama. Akaigeuza, na nyuma yake, pale wakubwa wale walipokuwa wakiandika tarehe na jina la aliyetuma, akaongeza neno moja: uongo. Akaiweka kashani. Hakujibu.

Na siri zikaacha kutoka gazetini. Unaona? alijiambia. Mwizi ameumbuka, wizi umekwisha.

Mwaka ukageuka. Asubuhi moja alikwenda kutembea akarudi mguu unamwuma kwa jongo, ule ugonjwa wa viungo. Mlangoni akamkuta Bi Tabitha amepiga magoti anapaka nta sakafuni. Bi Tabitha hakuwa mtu wa kutishwa na useneta. Akamwambia hapiti mtu pale mpaka nta ikauke. Kama miguu inauma, benchi lipo barazani.

Benchi lile lilikuwa la wageni. Obadia alikuwa na kaugonjwa kengine ka wakubwa: alipenda kuwangojesha watu. Kila aliyekuja na shida yake aliketi pale nje mpaka mwenyewe aridhike kwamba amesubiri vya kutosha. Yeye hakuwahi kulikalia hata mara moja, na angelikalia kwa ajili gani?

Akaketi. Akanyoosha mguu. Akageuza shingo.

Dirisha la chumba chake cha kuandikia lilikuwa pale pale, usawa wa uso. Na kwenye kioo, jua likipenya vizuri, ilikuwa imening'inia nakala ya barua aliyomwandikia gavana alfajiri ile. Upande wa kinyumenyume ulielekea chumbani. Upande unaosomeka ulielekea kwake. Aliisoma barua yote tangu salamu mpaka sahihi bila hata kuvaa miwani.

Alikaa pale muda mrefu. Nta ilikauka, Bi Tabitha akamwita aingie, asiinuke. Alikuwa anawahesabu waliowahi kuketi mahali pale, na jina likamjia lenyewe. Amos Pruitt, mwenye gazeti, aliyekuwa akimletea magazeti kila wiki kwa mkono wake, na kila wiki yeye akimngojesha.

Akaagiza aitwe. Pruitt alikuja amevaa koti la Jumapili, hana hata dalili ya woga. Alipoulizwa kama alikuwa akizisoma barua dirishani, alishangaa swali lenyewe.

"Mheshimiwa, mimi nilidhani unazitundika pale ili nizisome," alisema. "Wakubwa wote hunipitishia habari zao kwa mlango wa nyuma, wakijifanya hawajui. Nikasema huyu naye ana staili yake. Na jina lako sikuliandika hata mara moja."

Loo! Mzee alitafuta hasira asiipate. Akauliza, kwa sauti ya chini, mbona basi siku hizi haandiki tena.

"Kwa sababu siku hizi hakuna cha kuandika," Pruitt akajibu. "Barua zako zote ni salamu na habari za mavuno."

Siri hazikuacha kutoka kwa kuwa mwizi alikamatwa. Ziliacha kwa kuwa mtu wa kuandikiwa siri hakuwapo tena. Obadia alilijua hilo moyoni kabla Pruitt hajamaliza kusema, na aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Simsifu kwa mengi, lakini hili nitamsifia: hakulificha. Alimwandikia gavana na kumsafisha Jedidia. Akampa Pruitt maneno ayachapishe, safari hii kwa jina lake kamili, kwamba amemsingizia mtu safi kwa upumbavu wake mwenyewe. Kiti cha ujaji kilikuwa kimeshakaliwa, hicho hakikurudi. Kisha akapanda gari akaenda.

Njia nzima alikuwa anajiandaa kutukanwa. Alijiambia atasimama getini avumilie yote. Lakini Jedidia alimwona kwa mbali, akaja mwenyewe kumshika mkono ashuke, akamketisha, akamsikiliza. Obadia alipofika kwenye habari ya dirisha na benchi, Jedidia alianza kucheka. Akacheka mpaka akafuta machozi, akamwita mke wake aje asikie, Obadia akalazimika kusimulia upya. Wakala pamoja. Jedidia akasema yamekwisha, ameshasamehe, kwa hakika alimsamehe zamani, maana hakuweza kulala na kinyongo cha mtu waliyelala naye tope moja.

Obadia alihisi ameshushiwa gunia. Jua lilipoanza kushuka, akasimama kuaga, furaha inamchezea usoni kama kijana.

"Basi ndugu yangu," akasema, "nikifika tu nakuandikia. Nawe unijibu kama zamani."

Jedidia alimshika bega.

"Andika, nitasoma kila neno," akasema. "Lakini mimi sitakujibu."

"Si umesema umenisamehe?"

"Nimekusamehe, na nikikudanganya katika hilo Mungu ananiona. Njoo hapa siku yoyote, ule, ulale. Lakini barua siwezi. Zamani nilikuandikia kama ninavyozungumza na nafsi yangu, lolote lililokuja niliweka. Sasa nikishika kalamu, kila neno nitaligeuza mwangani kwanza, nijiulize Obadia atalisomaje hili, atalipigia mstari au hatalipigia. Barua za namna hiyo nimewaandikia wakubwa wengi maishani mwangu. Wewe sitaki kukuandikia hivyo."

Alisema taratibu, bila uchungu, huku amemshika bega. Kisha akamsaidia kupanda gari, akamfunika miguu na blanketi kwa sababu ya jongo, akamtakia safari njema.

Obadia alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa upole huu. Gari lilipokata kona, alilia kwa sauti, mzee mzima, dereva akajifanya anawasemesha farasi.

Funzo: Unaweza kumwomba rafiki msamaha naye akakupa siku hiyohiyo, lakini ule uhuru aliokuwa nao wa kusema nawe bila kupima maneno, ukishauua kwa shaka zako, hata yeye mwenyewe akitaka kukurudishia hataweza. Kabla hujamhukumu, muulize ana kwa ana, na umwamini anapokujibu.

Kama kuna mtu umemnunia kwa jambo ambalo hujamuuliza, usimtumie hii. Mpigie.