Asomaye Kumbukumbu Hatafuti Mchawi

Asomaye kumbukumbu hatafuti mchawi. Methali hii mmeisikia kwa fundi wenu wa kompyuta, ninyi vijana, mkaicheka, nimewaona, mkidhani ni maneno ya waganga wa kienyeji. Chanzo chake ni hiki, na kilitokea hapa hapa Umatengo, enzi ambazo hospitali yetu ilikuwa na kompyuta nne tu, nasi tukizifunika vitambaa vya kufuma kama redio.

Masjala ilikuwa mikononi mwa Bi. Kresensia Kapinga. Kwa miaka ishirini na mitatu alijua faili la kila mgonjwa lilipolala kabatini. Kompyuta zilipoletwa akajifunza kwa kidole kimoja, taratibu, huku akijisemea. Basi ukaanza mkosi: kila siku ifikapo saa nne asubuhi, mtambo wote wa majina unaganda. Wagonjwa wanajaa barazani, watoto wanalia, na hakuna faili linalofunguka mpaka karibu saa tano.

Watu hawakukawia kupata wa kumtupia lawama. Wengine walisema bibi anabonyeza hovyo. Wengine, Mungu awasamehe, walinong'ona kwamba ana nuksi. Mganga mfawidhi, Dakta Ndunguru, mtu mwema lakini mwepesi wa hasira, akaandika barua ya kumhamishia stoo ya mashuka. Kresensia aliisoma, akaikunja mara nne. Hakulia mbele ya watu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata yeye alikuwa ameanza kuamini kuwa kosa ni lake.

Siku ya kukabidhi funguo za masjala akaja fundi Lotari Hyera kutoka Songea. Hakuuliza nani kabonyeza nini. Alifungua kumbukumbu za mtambo, lile daftari ambalo mashine hujiandikia yenyewe kila inachoombwa, saa na dakika, na kimetoka chumba gani. Akasoma za wiki mbili nzima, mpaka chai yake ikapoa.

"Mama, saa nne huwa unafanya nini?"

"Naita majina, mwanangu. Nikifika la pili tu, inaganda."

"Hapa naona wewe unasubiri tu. Kila siku kuna faili moja limefunguliwa ili liandikwe, halafu halikufungwa. Mengine yote yanapanga foleni nyuma yake."

"Limefunguliwa chumba gani?" akauliza Dakta Ndunguru, aliyekuwa amesimama mlangoni.

Lotari akaweka kidole kwenye mstari. "Namba moja, dakta. Saa nne kasoro dakika tatu, mpaka saa tano kasoro kumi."

Chumba namba moja kilikuwa cha Dakta Ndunguru mwenyewe. Saa nne ni saa ya chai, na tangu enzi za makaratasi daktari akienda chai huacha faili wazi mezani, kalamu juu yake, ili nesi ajue mgonjwa huyu hajamalizwa, asije akalirudisha kabatini. Tulifundishwa hivyo sote, na ilikuwa adabu nzuri. Siku zile nazikumbuka kwa mapenzi hadi leo. Kompyuta zilipokuja, dakta aliendelea vivyo hivyo, akaacha faili wazi kwenye skrini; lakini mashine haikuijua adabu hiyo.

Dakta alivua miwani. "Dada Kresensia, ile barua naomba unirudishie."

"Ipo mfukoni, dakta." Akaitoa, na hapo ndipo machozi yakamtoka.

Dakta akatoka nayo barazani, akaichana, akasema kwa sauti ili wagonjwa nao wasikie: "Wiki mbili nimetafuta mchawi, na mchawi nilikuwa mimi. Jamani, asomaye kumbukumbu hatafuti mchawi."