Udongo Ulioteremka kwa Asegelile

Asegelile alikuwa na shamba la mwisho kabla ya maji. Chini yake hapakuwa na shamba la mtu mwingine, palikuwa na mchanga kidogo na ziwa. Juu yake kilikuwa kijiji kizima.

Kijiji chenyewe kilikuwa kidogo. Mlima ulisimama nyuma, ziwa likatanda mbele, na katikati Mungu aliacha kipande chembamba tu cha kukaa watu, kama ile nafasi inayobaki kitandani watoto wakishalala. Wakiitwa wote harusini walienea ua mmoja, na mabibi bado wakapata pa kunyooshea miguu. Barabara haikuwapo. Mwenye safari ya sokoni alingoja boti ya Alhamisi. Waliishi kwa usipa, wale dagaa wembamba wa ziwani, na kwa ndizi, lakini kilichowapa jina ng'ambo ya pili ni maharage. Na maharage hayo yalilimwa mlimani, maana tambarare wangeitoa wapi? Watu wa zamani walikata ule mteremko kwa kuta za mawe, ukuta juu ya ukuta, na nyuma ya kila ukuta wakashikiza udongo. Ukitazama kutoka majini uliona ngazi kubwa inayopanda mawinguni, na kila kidato kilikuwa shamba la nyumba moja.

Sasa udongo una tabia yake, haukai. Kila masika mvua iliuosha, ukapenya katikati ya mawe, ukateremka kwa jirani wa chini. Wa jirani wa chini nao ukateremka. Kwa hiyo masika yakiisha na kuta zikikauka, watu wale walikuwa na kazi moja ambayo mgeni akiiona alidhani wamerukwa na akili. Waliupandisha udongo kwa vichwa. Kila nyumba ilizoa ule uliojaa kwake ikaupeleka kwa jirani wa juu, naye akazoa wa kwake akaupeleka kwa wa juu yake, hivyo hivyo hadi shamba la mwisho mlimani. Ilichosha, lakini ilikuwa na raha kuliko sikukuu nyingi. Togwa ilipikwa kwenye masufuria ya harusi. Wasichana walishindana nani tenga lake limejaa. Wanaume wenye maringo waliteleza wakakaa chini bila kukaribishwa, wakachekwa mpaka masika mengine. Na hakuna aliyerudi na tenga tupu, kwa sababu uliyempelekea udongo alikutilia chane ya ndizi mbivu, au samaki mkavu, au chochote alichokuwa nacho.

Mwenye kuanza alikuwa mtu wa chini kabisa. Ndivyo walivyorithi. Wa chini asipopanda na tenga la kwanza, hakuna aliyegusa jembe.

Miaka mingi Asegelile alianza vizuri. Alifika kwenye ukuta wa Mama Kisa, mjane wa kaka yake, aliyelima juu yake tu, na Mama Kisa hakuwa mtu wa kumwacha shemeji apite salama.

"Shemeji, huo ni udongo au ni ugoro? Mbona wa kufunika kucha?"

"Ungekuwa ugoro ungeuona wapi, shemeji? Ningeumaliza njiani."

Wakacheka, akaumimina, siku ikaanza.

Lakini mtu akikaa mahali ambapo kila kitu kinamteremkia, macho yake hubadilika polepole. Asegelile alianza kulitazama shamba lake jioni, akizama kifundo cha mguu katika udongo mwekundu, laini kama unga uliochekechwa. Akawaza: huu wote niubebe niupandishe, kwa magoti haya, halafu mvua iniletee tena?

"Mimi sikumwibia mtu," alimwambia mkewe Sekela. "Umekuja kwa miguu yake. Kitu kikija chenyewe, si chako?"

Sekela alikuwa akichambua usipa. "Mgeni naye huja kwa miguu yake," alisema. "Lakini hatumfungii ndani."

Mwaka ule Asegelile akasema goti linamuuma. Watu wakangoja, wakichungulia chini kila asubuhi. Tenga la kwanza halikupanda. Mama Kisa naye akajiuliza: nitoe wangu niupeleke juu, na wa chini hanirudishii, nitabaki nimesimama juu ya nini? Akaacha. Aliyekuwa juu yake akawaza hilo hilo. Kila mmoja akashika alichokuwa nacho kama mtu anavyoshika kofia kwenye upepo. Hawakugombana. Walisalimiana kama kawaida, walikopeshana moto na chumvi, ila siku ile haikuwapo, na masufuria ya harusi yalibaki yameinamishwa ukutani. Mwaka uliofuata Asegelile alikuwa na wageni, wakwe. Baada ya hapo hakujisumbua kutafuta sababu, na hakuna aliyemwuliza.

Maharage yake yakanenepa. Wachuuzi wa ng'ambo waliposhuka kwenye boti waliyaulizia kwa jina lake, naye akajishika kidevu akatazama pembeni kama mtu asiyehusika, na moyoni alikuwa anacheza ngoma.

Shamba la juu kabisa lilikuwa la Lwitiko na mkewe Atuganile, vijana, na mtoto wao wa kwanza alikuwa bado hajaota meno. Juu yao hapakuwa na jirani wa kuwateremshia kitu, palikuwa na mlima mtupu. Udongo wao wote ulikuwa ni ule wa kupandishiwa. Na kazi nyingine ilikuwa yao, ambayo watu wa chini waliisahau kwa jinsi ilivyofanywa kimya: Lwitiko ndiye aliyekarabati ukuta wa mwisho, ule uliozuia mawe ya mlima yasiwashukie wengine wote.

Basi mvua za kwanza za msimu mwingine zikanyesha. Asegelile alikaa barazani akitazama maji yakitoka kwenye mdomo wa ukuta wa Mama Kisa. Tangu azaliwe maji hayo yalitoka mekundu, mazito kama chai ya maziwa. Siku ile yalitoka meupe. Ukiyakinga unaona mpaka chini ya beseni. Akafurahi sana. Akamwita Sekela aje aoshe vyombo bila kwenda ziwani.

"Mama, njoo uone. Mwaka huu hata mvua imekuja imeoga."

Sekela akaja na sufuria yake. Akayatazama maji yale, akachota kwa kiganja, akayaacha yamwagike. Hakuosha kitu.

"Baba," alisema, "huko juu kumebaki nini cha kuyachafua?"

Asegelile akainua macho kutazama mlimani. Akavaa koti, akapanda. Hakuwa amepanda siku nyingi, na kila shamba alilopita lilikuwa jembamba kuliko la chini yake. Kwa Mama Kisa mizizi ya migomba ilikuwa nje kama vidole vya mtu aliyetoboa viatu. Mbele zaidi maharage yalikuwa machache, ya kuhesabiana. Alipofika kwa Lwitiko alikanyaga, na mguu ukalia kwenye jiwe. Mbegu walizopanda zilikuwa zimelala juu ya mwamba, zimelowa, hazina pa kuingizia mzizi. Mlangoni palikuwa na mizigo miwili imefungwa kwa kamba ya katani, na mkeka umekunjwa juu yake. Atuganile alikuwa ndani akimnyonyesha mtoto.

Lwitiko alikuwa ukutani, mikono imechubuka, akipachika jiwe la mwisho.

"Shikamoo, baba," alisema. "Tunaondoka na boti ya kesho. Nimeona nisiwaachie ukuta mbovu."

Asegelile akaitikia marahaba. Mtu aliyenyimwa hata udongo wa kupandia alikuwa anawazibia njia ya mawe, halafu ndiyo aondoke. Na akishaondoka, nani angekuja kupachika jiwe pale mwakani? Ukuta ule ukiacha kutazamwa, mlima wote ungeteremka, nao ungejua njia mpaka barazani kwake. Lakini si hofu hiyo iliyomtia aibu. Kilichomtia aibu ni ile shikamoo, iliyotolewa kwa heshima yake yote, kana kwamba hakuna kilichopungua.

Alhamisi, kulipopambazuka, Asegelile alizoa tenga la kwanza. Haukuwa wakati wa kazi hiyo. Wakati wake ni kiangazi, udongo ukiwa mkavu na mwepesi. Sasa lilikuwa tope, zito kama mtoto aliyesusa, likimchuruzika masikioni. Sekela alimtwika, kisha akajitwika la kwake akamfuata. Walipofika kwa Mama Kisa hawakusimama.

"Shemeji, umepitiliza," Mama Kisa akasema kutoka jikoni. "Mlango wangu ni huu, au umeanza na kutoona?"

"Leo siji kwako."

"Unampelekea nani hilo tope, na uso kama kinyago?"

"Wa mwisho, kule juu."

Haikuwa kawaida. Udongo ulikwenda kwa jirani, ukuta hadi ukuta, haukurukishwa. Mama Kisa alisimama na mwiko mkononi akimtazama mzee yule akipanda huku magoti yanagombana. Kisha akaepua sufuria, akaingia ndani, na alipotoka alikuwa na tenga. "Nikimwacha aanguke peke yake huko juu," aliwaambia majirani, "nitamchekea na nani?"

Wa juu yake wakaona. Wa juu yao wakaona. Kabla jua halijapasha mawe, kijiji kizima kilikuwa kwenye njia ile moja, kila mtu na tope kichwani, wakubwa wakiteleza, wadogo wakiwacheka, wasichana wakishindana matenga kana kwamba ile miaka haikupita.

Boti ikaja. Nahodha wake, Gwamaka, akapiga honi mara moja, akapiga tena. Hakuna aliyeteremka. Akapanda kwa hasira kuwafuata abiria wake, na Mama Kisa alikutana naye kwenye kona akishuka na tenga tupu.

"Watu wangu wako wapi, mama? Ziwa halitaningoja."

"Wako juu," alisema Mama Kisa, akizoa tope hapo hapo chini ya ukuta wake na kumtwika. "Na kwetu hatupandi mikono mitupu, baba."

Gwamaka akabaki mdomo wazi, tenga kichwani, shati lake la safari likigeuka rangi. Halafu akaanza kupanda, maana kusimama nalo kulichosha zaidi. Abiria walioshuka kunyoosha miguu walipomwona nahodha wao hivyo, wakacheka mpaka nao wakatafuta matenga.

Lakini aliyetangulia kufika alikuwa Asegelile. Lwitiko alikuwa amekwisha kujitwika mzigo mmoja. Atuganile alikuwa na mtoto mgongoni na mkono kwenye mzigo wa pili. Mzee alisimama mbele yao, tope likimtiririka hadi kidevuni, akatua tenga lile juu ya mwamba, taratibu, kama mtu anayetua mtoto aliyelala.

"Atuganile, mwanangu," alisema, "nimekuletea shamba lako."

Atuganile akamtazama, akautazama udongo, akaiona nyuma yake ile njia yote iliyojaa watu. Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka akiwa bado anacheka. Ndizi za kutilia tenga hakuwa nazo, samaki hakuwa nao. Akainama akafungua mzigo ili apate sufuria ya togwa, na ile kamba ya katani aliyoufungia, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa mkononi mwake, akaikunja akamtilia Asegelile kwenye tenga. Lwitiko alipoona hivyo akatua na wa kwake.

Boti iliondoka imechelewa, na nahodha wake ana tope mpaka kwenye kope na chane ya ndizi ya Mama Kisa kwapani. Maharage ya ngazi ya juu yalipandwa siku ile ile, na mvua ya jioni ikayakuta yamefunikwa. Maji yalipofika chini, kwa Asegelile, yalikuwa mekundu kama zamani, na Sekela akaenda kuosha vyombo ziwani akiimba. Tangu mwaka ule watu wa kijiji kile huanzia juu. Kila tenga la kwanza hupita kuta zote liende kwa asiye na jirani juu yake, ndipo wengine hurudishiana.

Basi na sisi tuulizane. Wewe ambaye kila neema ya walio juu yako imekuteremkia, ukailalia, ukasifiwa kwayo, unangoja nani apande kwanza?