Mahudhurio ya Samaki

Wapendwa, sogeeni kidogo, wale wa nyuma nao wasikie. Nataka niwape habari za mwalimu mkuu mmoja aliyestaafu shule, ila ualimu ukakataa kumtoka. Hata kuku wa jirani wakikatiza uani kwake, aliwauliza wanakwenda wapi saa za masomo.

Wanafunzi wake wa zamani walimpenda, wakamletea zawadi: tangi kubwa la kioo la samaki wa baharini, lenye maji ya chumvi, matumbawe, na mawe yaliyojaa mashimo. Likawekwa sebuleni. Jamani, mzee yule aliwapenda samaki wale mpaka mkewe akaanza kuwaonea wivu! Akawapa majina. Yule wa mistari akawa Kiranja. Mweupe akaitwa Bi Harusi. Kulikuwa na Kadogo, na mwingine wa buluu akapachikwa jina la Mtoro, ingawa maskini hakuwa amekosa siku hata moja.

Aliyewalisha asubuhi ni mama, mkewe. Kazi ya mzee ilikuwa jioni, naye aliifanya kwa moyo wote: kuita mahudhurio. Mwanzoni aliita kwa mdomo tu. Baadaye akaona kama wanazembea, akaanza kugonga kioo kwa pete yake ya ndoa, ngo, ngo, ngo, kama kengele ya mstarini.

Jioni moja Kadogo hakuonekana.

Mzee alichutama, akainama, akachungulia huku na huku. Hayupo. Kesho yake akaja na tochi na kijiti, akachokonoa mashimo yote. Bi Harusi naye akatoweka. Roho ikamuuma kweli. Akamwita binti yake wa pekee, aliyekuwa nyumbani akisubiri matokeo ya mtihani.

"Penina! Umewapa nini samaki wangu?"

"Sijawagusa, baba."

"Mbona unajibu ukiangalia chini? Na leo umesoma nini?"

Penina akachukua sahani yake ya wali, akaenda kula chumbani. Siku hizo alikuwa anakula hukohuko. Mama akafungua mdomo aseme neno, mzee akamwinulia mkono. "Subiri, Mama Penina. Nafanya uchunguzi."

Uchunguzi, ndugu zangu! Mnacheka? Nani hapa hajawahi kufanya uchunguzi nyumbani kwake?

Basi kadiri alivyochunguza, ndivyo walivyopungua. Kiranja akaenda. Mwisho hata Mtoro akatoroka. Tangi likabaki mawe na maji. Mzee alikosa hamu ya kula. Mtu mmoja akamwambia kwamba mawe ya baharini huweza kuja na mdudu ndani yake, anayekula samaki kimyakimya. Hapo akakata shauri: leo maji yote yanamwagwa, mawe yote yanapasuliwa, mwizi atapatikana. Akaja sebuleni na ndoo na nyundo.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, ungo mapajani, anachambua mchele. Aliiona ile nyundo, akasema, "Mwalimu, ukipasua hayo mawe utawaua."

"Niwaue akina nani? Si wamekwisha!"

"Weka nyundo chini. Vua viatu. Kaa hapa karibu yangu, na mdomo wako ufunge."

Hakuna aliyewahi kumwambia mwalimu mkuu afunge mdomo. Labda ndiyo sababu alikaa. Mama akaendelea na mchele wake, chuya huku, mawe kule. Mzee akatulia. Muda ukapita, mgongo ukaanza kumuuma. Kisha kwenye shimo la chini kabisa kikachungulia kichwa cha buluu. Mtoro! Akafuata Kiranja. Bi Harusi akatoka akipepea mapezi yake. Nyuma yao, amenenepa, Kadogo.

Mzee akashika mdomo ili asipige kelele. Machozi yalimtoka, akanong'ona, "Kumbe wapo?"

"Wapo siku zote. Nawaona kila asubuhi nikiwalisha. Ukiingia wewe, wanajificha."

Mzee akarudisha macho kwenye tangi. Mama naye hakumwangalia. Alipepeta ungo mara moja, akasema taratibu, "Na mwanao naye yupo."

Mzee akainuka. Akaenda hadi mlango wa chumba cha Penina, akanyanyua mkono wenye pete agonge. Mkono ukabaki hewani. Akaitazama ile pete. Akarudi polepole, akaketi kwenye mkeka, akachota mchele kiganjani na kuanza kuchambua, tena vibaya, mawe akiyaacha humohumo. Mchele ulikuwa unakaribia kwisha mlango wa chumbani ulipolia. Hakugeuza shingo. Penina alikuja, akakaa pembeni ya baba yake, akaanza kumtolea mawe aliyoyaacha.

Sasa wapendwa, tuache samaki, tuje kwetu sisi. Geti likilia jioni ukirudi, sebuleni kwako anabaki nani? Tunasema watoto wa siku hizi wamepotea, simu zimewala, marafiki wamewala. Tunatafuta mdudu ndani ya mawe, nyundo mkononi. Na tunawapenda, sibishi, tunawapenda sana! Lakini upendo wetu unakuja na tochi na maswali. Mungu anajua kila shimo tunalojifichia, mimi na wewe, na bado anatungoja kwa upole. Sisi ni nani hata tugonge kwa nguvu hivyo?

Leo ukitoka hapa, nenda nyumbani ukakae. Kaa tu, uwe na kitu cha kufanya mikononi. Mwanao atatoka. Na akitoka, nakusihi baba, nakusihi mama, usimuulize alikuwa wapi.