Fisi Aliyetaka Kupita Mlango wa Pimbi

Mpo?

Tupo.

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo, na mengine tumeazima kwa jirani.

Nikiwapa kisa mtakipokea?

Kikiwa kitamu tutakimeza, kikiwa kichungu tutakurudishia.

Haya. Zamani, wakati wanyama bado wanabishiana hodi, aliishi Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mdogo wa majabalini, asiye na mkia, mviringo kama mkate wa kumimina. Huyu wangu alikuwa mnene hata mbele ya pimbi wenzake. Nyumba yake ilikuwa ufa kati ya mawe mawili, na akitaka kuingia makalio yalijaa mlango. Alijisukuma, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka akaingia. Kwale, jirani yake, kila akimwona alicheka mpaka manyoya yanamsimama.

"Mama Siwema, punguza. Iko siku mlango utakukataa."

"Ukinikataa nitalala nje," alijibu Pimbi. "Mafuta haya sikuyaokota njiani. Nimeyala jani kwa jani. Ni yangu."

Kisha alijiendea zake taratibu, makalio yanatikisika huku na huku, maana hakuyaonea haya.

Pimbi alikuwa na watoto wawili wa kike, Siwema na Nyamizi. Siwema alishaanza kuonja majani. Nyamizi alikuwa wa kunyonya tu.

Mwaka mmoja kiangazi kilikuja kikakaa. Majani yalikauka, mto ukabaki mchanga. Wanyama walikonda, isipokuwa mmoja. Huyo ni Fisi. Kiangazi wanyama wanakufa, na mnyama aliyekufa ni chakula cha Fisi. Kwa hiyo wenzake wakikonda, yeye ananenepa.

Asubuhi moja Fisi alipita karibu na mawe, akasikia harufu ya maziwa. Akasimama. Akanusa. Alikuwa ameshiba mizoga, akatamani kitu kichanga. Akaifuata harufu mpaka kwenye ufa, akaingiza kichwa. Kichwa kiliingia. Akasukuma shingo. Shingo iliingia. Akasukuma mabega. Mabega yakakwama. Akajaribu kuchimba, akakuta jiwe, kucha zikamuuma.

"Sina haraka," alisema. "Nitakaa hapa hapa. Mtatoka wenyewe."

Akakaa mlangoni.

Siku ya kwanza Pimbi hakula kitu, watoto wakanyonya. Siku ya pili hakula kitu, watoto wakanyonya. Siku ya tatu na ya nne, hivyo hivyo. Maziwa yalitoka wapi? Yalitoka kwenye yale makalio. Kila kukicha makalio yalilegea kidogo, na matumbo ya watoto yalikuwa yamejaa. Pimbi hakuuomba mwili wake umsaidie. Wenyewe ulikuwa unatoa, kidogo kidogo, kama jirani mwema anayekuwekea chakula chini ya kawa bila kusema neno.

Lakini siku ya tano Nyamizi alinyonya akaachia, akanyonya akaachia, akamtazama mama yake. Pimbi akaelewa. Maziwa bila jani hata moja hayafiki mbali. Fisi akikaa pale siku nyingine tano, Nyamizi hatakuwepo.

Sasa sikilizeni. Siku zile kulikuwa na desturi, na hata Fisi aliijua. Aliyebisha hodi akaambiwa karibu, huyo ni mgeni. Mgeni havizii nje ya mlango, wala habomoi ukuta. Mgeni anapita mlangoni, basi.

Pimbi akasogea karibu na ufa. "Kaka Fisi."

"Naam."

"Siku tano uko mlangoni kwangu na hujabisha hodi. Kwenu hawakukufundisha?"

Juu ya jiwe Kwale alikuwa anasikia, na Kwale akisikia jambo mlima mzima umesikia. Fisi akaona aibu.

"Hodi," alisema.

"Karibu. Pita ndani. Wanangu, msalimieni mjomba."

"Shikamoo, mjomba," watoto walisema, sauti zinatetemeka.

"Marahaba," alijibu Fisi, mate yanamtoka. Akaingiza kichwa, akaingiza shingo, mabega yakakwama tena. "Dada Pimbi, mlango wako mdogo."

"Mlango ule ule ninaopita mimi na makalio yangu. Wewe ndiye umezidi. Punguza kidogo tu, upite kama mgeni. Nimeshasema karibu, na karibu yangu siirudishi."

"Nipunguze vipi?"

"Kula kidogo, kimbia sana. Kila asubuhi zunguka mlima mara tatu, ukirudi ujipime hapa mlangoni. Nyama usiguse. Njaa ikikuuma tafuna ukwaju, wa siku nzima ni mmoja."

Fisi alifurahi moyoni. Alisema, Pimbi huyu hana akili, ananifundisha njia ya kumla. Akainuka, akaanza kukimbia. Tifu, tifu, tifu, vumbi likamfuata.

"Mama," Siwema alinong'ona, "umemkaribisha."

"Nimemkaribisha. Akikimbia hayupo mlangoni. Asipokuwepo mlangoni mimi ninakula, na nyie mnanyonya."

"Na akikonda kweli?"

Pimbi akapapasa makalio yake. Siku tano bila jani, na bado yalikuwepo, laini, yanajaa mkono. "Mwili hautoi vitu ovyo, mwanangu," alisema.

Akatoka mbio, akala majani makavu, akalamba umande mawe yalipokuwa na kivuli, akarudi kabla vumbi la Fisi halijafika. Jioni ile Nyamizi alinyonya hakuachia.

Siku ya pili ya mbio Fisi aliingiza kichwa, akaingiza shingo, akaingiza bega moja. Siku ya nne akaingiza mabega yote mawili. Siku ya saba akaingiza kifua, akanyoosha mkono, na kucha zake zikabaki shubiri moja kutoka puani kwa Nyamizi. Watoto walijibana kwenye jiwe la mwisho kabisa.

"Limebaki tumbo tu," alisema Fisi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndani ya nyumba. "Kesho kutwa nitakuwa nimeketi nao hapo."

"Karibu sana, kaka," alisema Pimbi. Sauti haikutetemeka. Miguu ndiyo ilitetemeka, lakini Fisi hakuiona, maana alikuwa ameziba mwanga.

Hebu sasa niwaambie kilichokuwa ndani ya tumbo la Fisi. Ndani ya kila mwili kuna mtunza ghala. Wangu yupo, wako yupo, na wa Fisi alikuwepo. Mtunza ghala ni mwema sana na mwaminifu sana, ila ghala lake halina dirisha. Haoni nje. Haoni mlango wa Pimbi, hajui habari za kujipima. Anachojua ni kwamba chakula kinaingia au hakiingii.

Siku zile za kwanza alimwaga maji, akatoa na mafuta kidogo, akidhani mwenye nyumba amechelewa tu kurudi. Ilipofika siku ya nane akashtuka.

"Jamani, nje kuna njaa," alisema. "Na huyu bwana anakimbia kila siku, bila shaka anafukuzwa. Tutamwokoa. Fungeni ghala. Punguzeni kuni jikoni. Masikio yapoe, miguu iwe mizito. Na tumbo liimbe, asisahau kutafuta chakula."

Kweli, masikio ya Fisi yakapoa, miguu ikawa mizito, tumbo likaimba, ng'uru, ng'uru, ng'uru.

Siku ya nane Fisi aliingiza kichwa, shingo, mabega, kifua. Tumbo likakwama. Siku ya tisa tumbo likakwama. Siku ya kumi tumbo likakwama pale pale, hata unywele halijasogea.

"Unaubana mlango wewe," alisema Fisi.

"Jiwe linabanwa, kaka?"

"Basi mbona sipungui? Tangu jana nimekula ukwaju mmoja."

"Kula nusu. Zunguka mara nne."

Fisi akala nusu, akazunguka mara nne. Tumbo likakwama.

"Kula robo. Zunguka mara tano."

Fisi akala robo, akazunguka mara tano. Tumbo likakwama.

Na mbio zenyewe hazikuwa mbio tena. Mwanzoni alikuwa anarudi umande haujakauka. Baadaye alirudi jua la utosi. Mwishowe alirudi vivuli vimekuwa virefu, anaburuta miguu, tifuu, tifuu, anapumzika kwenye kila jiwe. Kadiri alivyochelewa ndivyo Pimbi alivyokula kwa nafasi. Akawatoa na watoto waote jua. Siwema akajifunza kuchagua majani, Nyamizi akaonja jani lake la kwanza, akakunja uso, akaonja tena.

Na Kwale, yule mcheka watu, sijui nani alimtuma. Pimbi hakumwomba. Kila Fisi alipoanza mzunguko wa mwisho, Kwale alilia kutoka juu ya jiwe, kere, kere, kere, na Pimbi akakusanya watoto wake akaingia. Kwale hakulisema jambo hilo hata siku moja. Pimbi naye aliliweka moyoni.

Siku ya ishirini upepo ulileta harufu kutoka bondeni. Nyati alikuwa amekufa huko, mkubwa, mwenye mafuta. Fisi akasimama katikati ya mbio.

"Kipande kimoja tu," alijiambia. "Kesho nitazunguka mara sita."

Akashuka. Akala kipande kimoja. Tumbo likasema, ng'uru, cha pili. Akala cha pili. Tumbo likasema, ng'uru, mguu mzima. Akala mguu mzima. Alikaa kule bondeni siku tatu, akabakiza pembe.

Mtunza ghala alilia kwa furaha. "Bwana wetu amepona. Jazeni mpaka juu. Halafu mjenge na ghala la pembeni, maana njaa iliyokuja mara moja inajua njia."

Siku hizo hizo tatu mawingu yalikusanyika, na mvua ikanyesha, tii, tii, tii, kisha ikamwagika. Majani yakachipua mpaka kwenye nyufa. Nyamizi akala akasahau kunyonya.

Fisi akarudi. Mlima ulimwona anakuja, mpana kuliko siku ile ya kwanza.

"Hodi."

"Karibu."

Akaingiza kichwa. Akasukuma shingo. Shingo ikakwama.

Fisi akakaa chini kwenye matope, akajitazama. Alikuwa ameshiba hata kusimama ni kazi. Pimbi akaona huyu hawezi tena kumkimbiza mtu, akatoka, akampita pembeni, akasimama juu ya jiwe na watoto wake kila upande.

"Dada Pimbi, niambie kweli. Nilikimbia au sikukimbia?"

"Ulikimbia, kaka. Mlima mzima ulikuona."

"Nilishinda na njaa au sikushinda?"

"Ulishinda nayo."

"Basi nimekosea wapi?"

Pimbi akamtazama. Alitaka kumcheka, akashindwa. "Hukukosea. Ni mwili wako tu unakupenda. Ulidhani unakufa, ukakufichia akiba ili uone mvua. Wangu ulifanya hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba wangu ulikuwa na watu wa kuwapa."

"Kwa hiyo karibu yako umeifuta."

"Sijaifuta. Mlango uko wazi. Wanangu, mjomba anaondoka."

"Shikamoo, mjomba," walisema watoto, na safari hii sauti hazikutetemeka.

"Marahaba," alisema Fisi. Akainuka, akaondoka, tifuu, tifuu. Huko alikokwenda alimwambia kila mtu kwamba Pimbi alimbembeleza sana aingie ndani, ila yeye mwenyewe hakuipenda nyumba.

Mvua ikaisha, majani yakawa mengi, na Pimbi akala jani kwa jani. Kiangazi kingine kilipokaribia, makalio yake yalijaa mlango kama zamani, kwaru, kwaru, kwaru. Kwale alikuwa amesimama pale njiani. Hakucheka. Alisogea pembeni akasema, "Pita, Mama Siwema." Na Pimbi akapita, taratibu, akiyatikisa.

Fundisho la kisa hiki ni hili. Ukitaka kupungua, kimbia sana, kula robo ya ukwaju, na kila siku kajipime kwenye mlango wa jirani. Usipopungua, usiulaumu mwili wala usizilaumu mbio. Ni jiwe limenenepa.

Kisa changu nimekivua, nimekitundika hapo msumarini.

Atakayekitaka?

Akichukue akivae.

Kikimbana?

Asinune. Avute pumzi, aseme hodi.